Mashine Nyuma ya Mkeka

Mashine ya hesabu ilipohamishwa kutoka Iringa kuja Mbeya, ilifikia kwangu. Sikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa na hoteli ya chai na chumba cha nyuma kisichovuja, na kampuni iliyopewa kazi ya kupima mfereji wa Chimala ilikuwa inatafuta chumba kisichovuja. Wakaingiza meza, masanduku ya ramani, viti viwili, na hicho kidude cha chuma kilichofunikwa kwa kitambaa kama mkate wa moto.

Watu wakajaa. Waliokuwa na kiu na wasiokuwa na kiu, wote wakataka chai siku hiyo. Philbert, fundi cherehani aliyekaa barazani kwangu, ndiye wa kwanza kuchungulia.

"Mama Joachim, hiyo nayo ni cherehani?"

"Ya hesabu."

"Inashona nini?"

"Inashona midomo ya wanaouliza."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini jina likabaki. Mpaka leo ukienda Mbeya ukamkuta mzee wa zamani, muulize habari za cherehani ya hesabu, atakuonyesha ilipokuwa hoteli yangu.

Aliyekuja na mashine ile alikuwa mwanamke, na hilo nalo lilijaza hoteli. Ikupa, Mnyakyusa kwa damu ila amekulia Kihesa, kwetu, maana baba yake alikuwa mpishi Iringa miaka mingi. Kihehe chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Alifundishwa mashine na karani wa kwanza wa kampuni huko huko Iringa, karani akaondoka, Ikupa akabaki nayo. Aliizungusha kama mtu anayesaga, bila kuitazama. Unapanga namba kwa vijiti vya mbele, unashika mkono wa pembeni: ukizungusha kwenda mbele inajumlisha, ukirudisha nyuma inatoa. Ukitoa zaidi ya kilichomo, kengele inalia, ting! Wateja wangu walipenda hiyo kengele. Ikilia huko nyuma, huku mbele mtu anaitikia, "Amina!"

Ikupa alikuwa ameolewa na Gideoni, kijana mrefu, mpole, msimamizi wa wachimbaji huko Chimala. Walipendana, hilo halikuwa siri. Lakini ndoa ilikuwa imeingia mwaka wa tatu na mtoto hakuna. Mimba moja ilitoka, basi. Kwa wakwe maneno yalikuwa yameshaanza. Jioni moja tukichambua mchele aliniambia, "Mama, mimi pale nimekaa ukingoni. Kosa moja tu, lolote, watanirudisha Kihesa. Na mimi Gideoni simwachi, labda wanitoe kwa nguvu."

Sasa sikilizeni mkosi wenyewe. Kazi ile ilihitaji watu wawili, mmoja wa kusoma namba kutoka daftari la porini, mwingine wa kuziingiza mashineni. Na msomaji wa kampuni, aliyeajiriwa kabla Ikupa hajahamia Mbeya, alikuwa Mzee Yotamu. Baba yake Gideoni. Baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia majanini, anajifunika, anasubiri mzee apite. Hasemi naye, hatamki jina lake, hakai chumba kimoja naye. Wachungaji walikuwa wakisema kanisani kwamba hayo yamepitwa na wakati, na watu wakiitikia ndiyo, kisha wanatoka nje na kuingia majanini. Na wapo waliosema kwamba anayevunja mwiko ule hapati mtoto. Kwa hiyo utaona Ikupa alikuwa na sababu ya kuuogopa kuliko wenzake.

Mji mzima ukangoja kuona itakuwaje. Kutoka Mbalizi walikuja watu na kuku zao za kuuza, wakaishia kwangu kuuliza, "Eti kweli mkwe na mkamwana kazi moja?" Bwana Sarveya, mpimaji, Mzungu mwembamba mwenye mabuti yasiyojua kufutwa, hakuelewa kelele ni za nini. Mzee Yotamu ndiye aliyetoa shauri. Akasema ukatwe mkeka mkubwa, utundikwe katikati ya chumba kutoka darini mpaka sakafuni. Yeye ataingia kwa mlango wa uani, mkamwana kwa mlango wa jikoni kwangu. Yeye atakaa ameelekea ukuta wake. Watu wakamsifu. Mzee wa kanisa, msomi, amekaa na Wazungu, na bado anashika heshima ya kwao. Mimi mwenyewe nilimpelekea andazi la bure.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alikuwapo karani kijana, Silvester, yeye ndiye aliyenakili namba za daftari kwenye karatasi safi. Mzee Yotamu alipitia tu, karatasi ikapitishwa chini ya mkeka, Ikupa akakokotoa, majibu yakarudi kwa njia ile ile. Polepole, lakini salama.

Kisha mvua zikaanza kunusa. Upande wa mlima Loleza mawingu yakawa yanakuja kuangalia halafu yanaondoka. Kule Chimala wakulima wa mpunga walitaka maji yao kabla ya msimu, wachimbaji walikuwa wamekaa na majembe, na Bwana Sarveya akawa hali, halali. Mshika mti wake wa kupimia aliugua homa, basi akamchukua Silvester akashike yeye. Sehemu ya mwisho tu ndiyo ilikuwa imebaki, naye akasimama mlangoni kwangu, akasema kwa Kiswahili chake:

"Karatasi basi. Hakuna karatasi. Daftari, mdomo, mashine! Moja kwa moja!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee Yotamu anasoma kwa sauti, Ikupa anapanga na kuzungusha papo hapo, hakuna kunakili wala karani wa katikati. Na kwa kuwa mkamwana hawezi kusema na mkwe, walipatana kupitia kwangu juu ya kugonga meza. Akigonga mara moja, endelea. Mara mbili, rudia.

Ee, ilikuwa raha kusikiliza! Mzee alikuwa na sauti ya kusomea Injili. "Nne, nukta tatu moja." Krrr, krrr, ko! "Sita, nukta sifuri tisa." Krrr, ko! Hoteli nzima ikawa inakunywa chai kwa mwendo huo. Philbert alikanyaga cherehani yake kwa kufuata, akaharibu suruali ya polisi.

Niseme jambo moja la kazi yenyewe, maana Ikupa alinieleza na bila hilo hamtaelewa. Bwana akipima kimo cha ardhi anaanzia kigingi cha kwanza, anazunguka mbuga yote, halafu anarudi kwenye kigingi kile kile. Namba zote zikishaingia mashineni, za kupanda na za kushuka, mwishoni lazima dirisha lionyeshe sifuri, au karibu kabisa. Huwezi kurudi ulipotoka ukakuta ardhi imepanda juu. Hiyo ndiyo waliyoiita kufunga. Isipofunga, kuna namba mbaya ndani, na mfereji utakaochimbwa kwa namba hizo utapeleka maji kwenye nyumba za watu, au hautayapeleka popote.

Siku ya kufunga sehemu hiyo hoteli ilijaa pomoni. Ilikuwa Jumamosi, siku ya watu wa Mbalizi. Lori la Chimala lilikuwa limesimama nje likiunguruma, dereva anasubiri majibu, Bwana Sarveya anatembea barazani na kuchungulia saa. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni na birika mkononi. Pale nilipo naona upande wa Ikupa wote, na nikiinama kidogo, naona kwa ubavu wa mkeka mgongo wa Mzee Yotamu.

Akasoma mpaka mwisho. Ikupa akazungusha mara ya mwisho. Kengele ikalia, ting!

"Amina!" wakasema huko mbele.

Ikupa akatazama dirisha la mashine, halikuwa sifuri. Alifuta namba zote mashineni, akagonga meza mara mbili. Rudia. Mzee akakohoa, akaanza upya. Alipofika mstari fulani Ikupa akajua namba imebadilika, maana alikuwa na akili ya kukumbuka namba kama mimi ninavyokumbuka nani alitoka na nani. Akagonga mara mbili.

"Nne, nukta tatu moja," Mzee akasema.

Akagonga tena.

"Nne, nukta nane moja."

Nikaona mkono wa Ikupa umesimama juu ya meza. Akagonga tena, taratibu kabisa.

"Nne... nukta sita moja."

Mstari ule ule. Nikainama kuchungulia. Mzee alikuwa ameshika daftari limegusa pua. Akaligeuzia dirishani, akalirudisha puani, akalisogeza mbali, akalirudisha. Kidole chake kilitembea juu ya karatasi kama mtu anayetafuta shimo la sindano gizani. Ndipo nikaelewa, na nikaona Ikupa naye ameelewa. Miezi yote ile Silvester ndiye aliyekuwa akisoma. Mzee alikuwa akipitia tu, hapitii chochote. Na ule mkeka tuliomsifia ulikuwa umemficha asionwe na mtu pekee ambaye angekuwa naye chumbani siku nzima.

Huko mbele hawakujua kitu, walikuwa wanadaiana maandazi. Mzee akakaa ameelekea ukuta wake. Halafu akasema, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Mimi Mhehe, lakini miaka niliyokaa Mbeya ilinitosha kusikia.

"Ukuta," akasema, maana kwa mkamwana hasemi, anasema na ukuta. "Ukuta, mwambie Bwana imefunga. Mimi nina nyumba ya kulinda, na wewe una nyumba ya kulinda."

Nikahisi birika limekuwa zito. Mzee hakutisha, wala sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa anaomba, na ombi lake lilikuwa na mlango wa nyumba ya Ikupa ndani yake. Ikupa akisema imefunga, anabaki mkamwana mwema, na Gideoni wake anachimba mfereji mbovu mbele ya watu wa Chimala. Akisema haijafunga, ataulizwa kwa nini.

"Tayari?" Bwana Sarveya akaita kutoka barazani.

Ikupa akanitazama. Nikaangalia birika.

Akasimama. Akaushika mkeka kwa chini akaukunja juu ya bega lake, akapita. Mtu kutoka mbele alikuwa ameingia jikoni kuomba moto wa sigara, akaona. Akapiga yowe. Hoteli yote ikaja mlangoni, vichwa juu ya vichwa. Wakamwona mkamwana amesimama ubavuni mwa baba mkwe wake, bila kujifunika, akinyoosha mkono. Mzee hakugeuka, lakini daftari aliliachia. Ikupa akalichukua, akarudi kwenye mashine, akaliegemeza kwenye sanduku la ramani, akajisomea mwenyewe na kuzungusha mwenyewe. Hakuna aliyesema amina. Mashine tu ndiyo iliyosikika, krrr, ko, krrr, ko, na lori nje.

Ikafunga. Bwana Sarveya akachukua majibu, akasema, "Vizuri sana, vizuri sana," akaruka ndani ya lori. Hakuuliza habari za mkeka.

Mzee Yotamu alikuwa ameshatoka kwa mlango wa uani. Alitembea akigusa ukuta, na watu wakasema, masikini, tazama aibu ilivyomlewesha.

Maneno ya siku hiyo siwezi kuyasimulia yote. "Amejiona Mzungu." "Kwa hiyo ndiyo maana hazai." "Mashine imempanda kichwani." Hata Philbert, niliyekuwa namlisha, akasema, "Mwanamke wa kuzungusha chuma hawezi kuwa na adabu." Nikamwambia siku hiyo chai imekwisha, akachukue cherehani yake akashonee kwa jirani. Lakini sikusema nilichokiona. Ikupa alinishika mkono jikoni, akanibana mpaka nikaumia.

"Usiseme, Mama."

"Mwanangu, watakufukuza!"

"Ni baba yake Gideoni. Nikimwambia Gideoni baba yako haoni, na alitaka tudanganye, nimemwachia nini? Na kazi ile ndiyo inayomfanya mzee awe mzee."

"Na wewe?"

Akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Gideoni alifika Jumatatu, miguu imejaa tope la Chimala. Ndugu walikwishakutana. Walikaa kwangu, maana ndipo kosa lilipotendeka. Wazee wa upande wao, Ikupa kwenye kigoda mlangoni, mimi kama mama wa Kihesa kwa niaba ya wazazi wake. Mzee Yotamu alikaa ameupa uwanja mgongo, kama inavyotakiwa.

Gideoni aliuliza swali moja tu. "Mke wangu, kwa nini uliinua mkeka?"

Nikaangalia mgongo wa mzee. Nikasema moyoni, sasa, baba, sema wewe. Neno moja linatosha. Mwana wako yuko hapa, mkeo nyumbani bila shaka anajua unavyopapasa kikombe, sema!

"Nilikuwa na haraka," Ikupa akasema.

Wazee wakaguna. Mabega ya Mzee Yotamu yakashuka kidogo. Kisha akamwambia ukuta, "Amesema kweli," na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na cha kuuliza.

Wakaamua arudi kwao kwanza, mpaka baba mkwe atakaposema arudi. Hawakusema talaka, walisema apumzike. Sote tunajua mapumziko ya namna hiyo. Gideoni alimfungia mzigo mwenyewe, mikono yake haikujua kufunga fundo. Kampuni ikampa mashine mtu mwingine kutoka pwani, aliyeizungusha kwa kishindo, na wateja wakapungua.

Nilimsindikiza Ikupa mpaka Iringa. Kwetu Kihesa walimpokea vizuri, "Kamwene, karibu, karibu," hawakuuliza mbele ya watu, wakauliza nyuma. Nikakaa na Ikupa siku kadhaa kwa mama yangu, maana niliogopa kumwacha. Alikuwa anakwenda kisimani na kurudi, anapika, anacheka panapochekesha. Usiku namsikia anageuka.

Asubuhi moja tunapepeta maharage, Gideoni akatokea njiani, amebeba kofia mkononi. Amekuja na lori la mbao, uso wote vumbi. Nikapiga kigelegele bila kufikiri, majirani wakatoka. Ikupa hakusimama.

Akapewa maji, akapewa kiti. Akakaa akizungusha kofia.

"Mfereji umekaa vizuri," akasema. "Maji yanashuka yenyewe."

"Nimefurahi," Ikupa akasema.

"Silvester alipitia daftari. Akaniambia mashine haikuwa na kosa, wala wewe hukuwa na kosa. Akaniuliza nani alikuwa anasoma." Akaweka kofia gotini. "Nikaenda na daftari kwa baba. Nikamwomba anisomee ukurasa mmoja, nataka kuhakikisha vigingi. Akalishika. Akasoma, Ikupa. Kwa sauti ile ya kanisani, bila kusita hata mahali pamoja, mpaka chini. Mimi nimesimama nyuma yake naangalia."

"Basi?"

"Alikuwa amelishika juu chini."

Mama yangu akaacha kupepeta. Nikaona Ikupa amefumba macho.

"Ukamwambia?"

"Nilisema asante, baba. Nikalichukua." Akamtazama. "Ulijua?"

"Mimi siruhusiwi kumtazama baba yako," akasema. "Ningejuaje?"

Gideoni akainama. Kisha akasema amekuja kumchukua, lori linarudi mchana, wazee atawaambia yeye mwenyewe ilivyokuwa, kila kitu, hadharani, mpaka aliyesema amejiona Mzungu ameze maneno yake. Mimi tayari nilikuwa nimesimama kwenda kutafuta kanga zake. Nilikuwa nimeshaona tunavyoingia Mbeya, na Philbert atakavyokuwa.

"Kaa, Mama," Ikupa akaniambia. Akamgeukia mumewe. "Baba amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hajasema nirudi."

"Hatasema! Akisema, lazima aseme na kwa nini."

"Ndiyo."

"Ikupa, huyo hatasema mpaka anakufa."

Mkono wa Ikupa ulikuwa ndani ya maharage, ukiyachukua na kuyaachia. Nilimfahamu; kama angekuwa wa kurudi juu ya aibu ya yule mzee, asingeondoka Mbeya. Gideoni naye aliona. Akaangalia njia, akaangalia kofia, akamwangalia mkewe kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Utakunywa chai kwanza," Ikupa akasema, akasimama kwenda kuwasha moto. "Lori ni la mchana, bado una muda."